Mikono ya Bi Nyigu

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa huko nyuma, mmeshalala? Paukwa!

Pakawa!

Enhe, hapo sawa. Hapo zamani za kale, wadudu walipokuwa bado wakialikana harusi, alikuwepo Bi Nyigu. Mweusi tititi, kiuno ndicho kile, akipita watu wanageuka. Kazi yake kukandika nyumba za udongo. Anakanyaga tope, pwata pwata. Anafinyanga donge, analibandika, pa! Analilainisha kwa kiganja. Ukuta wake ukiuona, unatamani kuugusa.

Siku hiyo alikuwa akikandika nyumba yake mwenyewe. Watoto wake wadogo walikuwa ndani, masika yamekaribia, na ukuta wa upande wa mvua ulikuwa bado fito tupu.

Akapita Bi Kipepeo, mbawa zinameremeta.

"Hodi, shoga! Kesho harusi ya Mbawakawa. Utakwenda na mikono hiyo, imekauka kama gome la mti? Paka mafuta, mwenzangu!"

Bi Nyigu akaitazama mikono yake. Kusema kweli, moyo ulimuuma. Akatoa kibuyu cha mafuta ya nazi, akapaka. Akapaka mpaka viwikoni. Ikang'aa!

Mara ngurumo: gurrrum!

Bi Nyigu akakimbilia tope. Akabandika donge, pa! Likateleza, telee, chini. Akabandika jingine. Telee, chini. Udongo haushiki penye mafuta, wanangu. Mkandikaji yeyote analijua hilo, naye alilijua, ila hamu ya kusifiwa ilimsahaulisha.

"Mama, wingu hilo!" watoto wakalia kwenye fito. "Mama, tutalowa!"

Bi Nyigu akakimbia ndani. Akachota majivu jikoni, akajisugua mikono, kwaru kwaru! Mafuta yakatoka, ukavu wake ukarudi. Akaimba:

"Udongo shika, shika nikushike,
Masika yaja, wanangu wasilowe!"

Pa! Donge likashika. Pa! Likashika. Pa! Akaziba tundu la mwisho, akajitosa mlangoni, na mvua ikamwagika, chwaaa!

Akauwekea ukuta kiganja kwa ndani. Hauvuji. Akawapapasa watoto mmoja mmoja. Wakavu. Lo, afueni iliyoje! Akaketi chini, puu, akacheka huku analia.

Kitindamimba akamsogelea. "Mama, mikono yako inakwaruza."

"Nipake tena mafuta, mwanangu?"

"Usipake! Nikune mgongo."

Basi akamkuna, mtoto akalala. Na kesho yake Bi Nyigu akaenda harusini na mikono ile ile, akapiga nayo makofi kuwashinda wote.

Wanangu, na nyie wakubwa msijifanye hamsikii: mkono wa mama uliokomaa kwa kazi ni pambo lake. Usiuonee haya, ushike.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Bi Nyigu. Anayetaka kuingia aingie, ila kwanza afute miguu.