Namkunda Kwenye Mlango wa Ndiva

Mto mmoja hauna vikao viwili. Mmeusikia msemo huo leo kwenye mkutano wa maji, mkacheka kwa sababu aliyeusema alipiga meza. Mimi sikucheka. Mmeniuliza ulitoka wapi, nami nitawaambia, lakini msitegemee hadithi ya sungura. Ulitoka kwenye tope, na mambo yalikuwa hivi.

Mto Nakombo unashuka kutoka milima ya Upare. Juu kuna kijiji cha Isuki. Chini, mwendo wa saa mbili kwa miguu, kuna Lomwendo. Watu wa Isuki walikuwa na ndiva, yaani bwawa la kuchimbwa lenye kuta za mawe na udongo. Usiku maji ya mto yaliingizwa humo, asubuhi yakafunguliwa kumwagilia mahindi na maharage. Ng'ombe walinywa humo. Nepi zilifuliwa humo. Watu wenyewe hawakunywa humo, maana walikuwa na chemchemi yao juu zaidi, safi kabisa. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Ndiva hujaa tope, na lazima isafishwe. Kamati ya maji ya Isuki ikakaa kikao kuchagua siku ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji. Jumatano ni gulio. Ijumaa Waislamu wanasali, Jumamosi Wasabato hawashiki jembe, Jumapili Walutheri wako kanisani. Jumatatu na Jumanne kila mtu yuko shambani kwake. Ikabaki Alhamisi. Ikaandikwa, ikagongwa muhuri. Kila Alhamisi asubuhi walizibua mlango wa ndiva, wakaingia na majembe, wakalivuruga tope mpaka maji yakalibeba. Likaenda.

Huko Lomwendo nako walikuwa wamejenga tangi la saruji la maji ya kunywa, linalojazwa kwa bomba kutoka mtoni. Kiangazi mto ulikuwa mwembamba, kwa hiyo mwenyekiti wa kamati yao, Mzee Mzava, alitaka kujua siku nzuri ya kulijaza. Alichomeka mtoni fimbo yenye alama, akaisoma kila siku kwa miezi miwili. Simsingizii uvivu; alikuwa mtu makini. Fimbo ikamwonyesha kwamba maji hupanda siku moja tu kwa juma: Alhamisi, kabla ya adhuhuri. Kikao kikakaa, kikampigia makofi. Ikaandikwa, ikagongwa muhuri. Tangi lingejazwa kila Alhamisi.

Mmeelewa? Kamati mbili za watu wazima wenye akili timamu zilipanga, kwa bidii na kwa maandishi, kwamba kinyesi cha ng'ombe wa Isuki kiingie kwenye tangi la Lomwendo kila juma bila kukosa.

Maji yalipotoka ya kahawia, Mzee Mzava alisema yatatulia. Kweli yalitulia. Tope likakaa chini ya tangi, na kile kisichoonekana kwa macho kikabaki ndani ya maji, kikachotwa, kikanywewa. Watoto wakaanza kuhara. Kamati ikaita kikao kingine, kuhusu kunawa mikono. Kunawa kwa maji gani?

Palikuwa na mwanamke wa Lomwendo aliyeitwa Namkunda, na binti yake wa pekee, Nanzia, wa miaka mitatu. Mtoto huyo alilazwa zahanati mara mbili. Mara ya tatu mganga wa zahanati hakuzungusha maneno. “Mama, nikimtibu akarudi kwenye maji yale yale, mara ya nne humfikishi hapa.” Juma lile lile jirani yake Namkunda alikuwa amezika mtoto.

Ilikuwa Jumatano. Namkunda alimwacha mtoto kwa dada yake palepale zahanati, na Alhamisi asubuhi akaufuata mto kwenda juu. Hakuwa na barua wala cheo. Alitaka tu kuona maji yale yanapita wapi kabla ya kufika kwake.

Saa nne aliwakuta watu wa Isuki wamezama magotini ndani ya ndiva, wanaimba na kutaniana.

“Karibu, mama,” mwanamume mmoja akamwita. “Umekuja kutusaidia, au unatafuta mchumba?”

“Hilo tope mnalipeleka wapi?”

“Chini.”

“Chini wapi?”

“Chini tu, dada yangu. Kwani tope nalo lina kwao?”

Wakacheka. Namkunda akangoja wamalize.

“Chini ni kwangu,” akasema. “Mwanangu analinywa hilo.”

Mwenyekiti wa kamati yao, Mzee Mrutu, akatoka majini akijifuta mikono. Alikuwa mpole. Wapole ndio wanaochosha zaidi.

“Pole sana, mama. Ila siku hii ilipitishwa na kikao. Muhtasari upo.”

“Na sisi tunajaza tangi siku hii kwa kikao. Muhtasari upo.”

“Basi mwenyekiti wenu alete barua. Tutaijadili kikao kijacho, baada ya mavuno.”

“Mwanangu afe kabla ya mavuno au baada yake, mzee? Nijue nimwambie nini.”

Sauti moja nyuma ikasema arudi kwake asiwacheleweshee kazi. Namkunda akashuka ndani ya ndiva na nguo zake, akaliokota gogo la kuzibia, akalisukuma kwenye tundu la mlango, akakaa akiliegemea. Maji ya tope yalimfika kifuani.

“Niondoeni,” akasema.

Nani angemshika mke wa watu, na mkewe mwenyewe anamtazama?

“Mtumeni mtu amlete mwenyekiti wetu, Mzee Mzava,” Namkunda akaendelea. “Kikao mtakikalia hapa hapa.”

Mzee Mzava alifika saa tisa alasiri, anahema. Aliitazama ndiva, akayatazama majembe.

“Kila Alhamisi?” akauliza.

“Kila Alhamisi,” Mzee Mrutu akajibu.

Mzee Mzava akakaa ukutani. “Miezi miwili,” akasema polepole, “nilikuwa napima kinyesi.”

Wakazungumza, na walizungumza vizuri. Siku hiyo kila mmoja alijua jambo ambalo mwenzake hakulijua. Tope lisiachiwe mtoni tena, lichotwe kwa karai, likatupwe mashambani, litakuwa mbolea. Ng'ombe wajengewe birika la kunywea mbali na ndiva. Tangi la Lomwendo limwagwe na kusuguliwa, lisijazwe mpaka Isuki watume neno. Haikuwachukua hata saa moja.

Kisha Mzee Mrutu akasimama, akakung'uta nguo zake. “Mawazo mazuri. Nitayafikisha kwenye kikao chetu.”

“Na mimi kwenye chetu,” Mzee Mzava akasema. “Halafu tutaandikiana.”

Namkunda alikuwa bado ndani ya maji, midomo inamtetemeka kwa baridi.

“Kaeni chini, wazee wangu,” akasema. “Mto mmoja hauna vikao viwili. Kikao ni hiki. Andikeni sasa, wote mtie saini karatasi moja. La sivyo siliachi gogo hili, na mahindi yenu yakauke.”

Waliandika. Hapo ndipo alipoomba ashikwe mkono atolewe, maana miguu ilikuwa imekufa ganzi. Hakungoja chai. Aliteremka na nguo zilizolowa, moja kwa moja hadi zahanati.

Nanzia alipona. Vijiji vile viwili vina kamati moja tangu siku hiyo, inayokaa juu mwezi huu na chini mwezi ujao.

Najua mnachotaka kuniambia, kwamba siku hizo hakukuwa na simu. Miguu ilikuwepo. Namkunda alipanda kwa miguu, huku mwanawe mgonjwa akimngoja zahanati. Wale waliokuwa na mihuri walikaa mwaka mzima, saa mbili tu kati yao, kila mmoja akijisifu kwa mpango wake, na watoto wanazikwa. Mto mmoja hauna vikao viwili.