Wakaguzi Wenye Ngoma

Paukwa!

Pakawa!

Nipeni masikio!

Yachukue, bibi!

Na midomo je?

Tumeifunga!

Haya. Hapo kale, wanyama walipokuwa na serikali yao, Mfalme Simba alipiga marufuku: mtoto asiuziwe pombe. Vizuri, siyo? Ngojeni.

Wakaguzi wakateuliwa, mkubwa wao Nyani. Basi hao, kila wakienda kukagua kilabu cha pombe cha Fisi, hutanguliza ngoma. Ndu! Ndu! Ndu! Eti ndiyo heshima ya serikali. Hebu niambieni, paka gani huwinda panya huku anapiga ngoma?

Fisi akiisikia tu, anawasukumia watoto ndani ya kihenge cha mtama, mlango anaubana. Nyani anafika.

"Watoto wapo?"

"Watoto gani, mheshimiwa? Karibu uonje."

Ataonja huyo, mpaka mkia ulegee! Mara ya kwanza hivyo. Ya pili hivyo. Ya tatu, hivyo hivyo.

Sasa Bi Sungura alikuwa na binti, Riziki. Riziki akaanza kurudi nyumbani anatambaa. Siku moja akakutwa amelala mtoni, maji yanamgusa pua. Mama mtu akamkimbilia Nyani.

"Mama, tumekagua mara tatu. Kilabu safi!"

"Safi? Mwanangu nimemwokota majini!"

"Si umlee vizuri!"

Mmemsikia? Umlee vizuri!

Bi Sungura akarudi kumhoji Riziki, akaambiwa siri ya kihenge. Aliazima ngoma, akawaita kina mama wenzake, wakajibanza nyuma ya kilabu. Ndu! Ndu! Ndu! Fisi mbio, watoto kihengeni, mlango kabana. Yeye huyoo, kakimbilia mbele kuwalaki wakaguzi. Huku nyuma kina mama wakakiinua kihenge. Hao! Mpaka barazani kwa Mfalme.

Walimkuta Nyani anasema, "Mfalme, nchi yako haina mtoto mlevi hata mmoja."

"Tumekuletea mtama," akasema Bi Sungura, akafungua mlango.

Wakamwagika watoto. Huyu anacheka ovyo, yule analia, mwingine hajui mguu uko wapi. Wa mwisho, anatapika, mtoto wa Simba mwenyewe.

Simba akanguruma, miti ikatikisika. "Nani kamfanyia hivi mwanangu?"

"Mfalme," akasema Bi Sungura, "wetu wanalewa tangu mavuno. Mbona hukunguruma?"

Simba akainamisha kichwa. Siku ileile kilabu kikavunjwa, Fisi akafukuzwa nchini, na Nyani akavuliwa kofia ya ukaguzi mbele ya watu.

Bi Sungura hakungoja kushukuriwa. Alimtoa Riziki kati ya wale watoto, akambeba mgongoni, akaenda zake.

Hadithi nimeitua hapa. Mwenye mtoto, akamwangalie.