Kiapo cha Mkunga wa Rotenau

Waliotutangulia katika kusimulia habari za waja wema wametufikishia kwamba, katika zama ambazo wafalme wa Ulaya walitawala bila kuulizwa, aliishi katika ufalme mdogo wa Rotenau mkunga mmoja mcha Mungu, Bi Valburga. Hakumgusa mzazi kabla ya kuomba dua, na nyumba ya maskini aliiingia kwa heshima ileile aliyoingia nayo kasri.

Mfalme wa nchi hiyo, Teobaldi, neno lake ndilo lililokuwa sheria. Lakini hakuwa na mrithi, na binamu zake walikuwa wakikikodolea macho kiti chake. Siku malkia alipojifungua, mtoto alikuwa wa kiume, ila alizaliwa ameshakata roho, na malkia mwenyewe akazimia. Mfalme aliingia, akamtazama maiti yule mdogo, wala hakulia.

"Nasikia dobi wetu naye amejifungua alfajiri," alisema.

"Ndiyo, Mtukufu, mimi ndiye niliyemzalisha. Mtoto wa kiume, mzima wa afya."

"Mlete."

Bi Valburga hakuondoka pale aliposimama. "Mtukufu Mfalme, yule ana mama yake."

"Na nchi hii ina watu wake. Nikifa bila mrithi, binamu zangu watachinjana, na damu itafika mpaka mlangoni kwako. Ndivyo unavyotaka?"

Mkunga hakutaka. Alijiambia kwamba anaokoa roho za watu, na huku akijiambia hivyo akateremka kwenye vyumba vya watumishi. Ottilia, yule dobi, mjane wa askari, alikuwa amelala hoi kwa homa ya uzazi. Mkunga akamchukua mtoto aliye hai, akamlaza pale aliyekufa. Kisha mbele ya baraza akaweka mkono juu ya Kitabu Kitakatifu, akaapa kwamba mtoto yule ametoka tumboni mwa malkia. Kengele zikapigwa mji mzima.

Tangu siku hiyo sala zake zilikauka. Midomo ilitamka, moyo haukuitikia. Na Ottilia, asiyejua lolote, alimpenda kama mama yake mzazi. Kila alipotoka kupalilia kaburi la mtoto, alimpitia na mkate wa moto, wakaketi pamoja.

"Mama, wewe ndiye uliyemshika mwanangu akiwa hai. Mimi homa imenisahaulisha. Hivi alilia?"

"Alilia, binti yangu."

"Kwa nguvu?"

"Kwa nguvu sana."

Kila neno lilikuwa la kweli, na kila neno lilimchoma aliyelisema. Kisha Ottilia aliaga na kurudi kwenye karai lake, kufua nguo za mwana wa mfalme.

Miaka ikapita, mtoto akafikia umri wa kupanda farasi. Ndipo Ottilia alipougua kifua, akamwita mkunga. "Nakuomba jambo moja tu, Mama. Nizikwe kando ya mwanangu."

Bi Valburga alitaka kusema ndiyo, ulimi ukagoma. Akapiga magoti kando ya kitanda. "Mwanao hayumo mle. Yu hai. Ni yule unayemfulia nguo. Mimi ndiye niliyekuibia."

Ottilia hakumlaani. Aliuliza tu, "Na yule niliyekuwa nikimlilia, ni wa nani?"

"Wa malkia."

"Maskini! Hajapata hata kumlilia." Machozi yakamtiririka. "Nenda kamwambie. Na mimi mwanangu nimwone."

Mkunga alijua kwamba neno hilo laweza kumtoa roho, lakini alikwenda, akamweleza malkia yote bila kubakiza. Malkia alimzaba kofi, kisha akamshika asianguke. Hakumwomba mfalme ruhusa. Alimshika mvulana mkono, akateremka naye vyumba vya chini.

"Mama amesema nije nikusalimu," alisema mvulana kwa haya.

Ottilia alimtazama asishibe. "Kola yako imekunjika, Bwana mdogo." Akainyoosha polepole, mkono ukabaki shingoni mwa mtoto. Hakumwambia kitu kingine. Kesho yake hakuamka.

Baada ya mazishi, Bi Valburga alisimama mbele ya baraza akakitangua kiapo chake. Mfalme akapaza sauti kwamba bibi huyu ni mwongo, lakini malkia aliinuka akasimama kando ya mkunga. "Anasema kweli," alisema. Mfalme hakuthubutu kumuua mbele ya mashahidi wote wale; akamnyang'anya nyumba na kumfukuza nchini. Malkia naye alihamia shambani kwa wazazi wake pamoja na mvulana, akamlea, na alipopevuka akamweleza mwenyewe habari za Ottilia.

Bi Valburga aliishia kuwaosha wagonjwa ugenini. Huko ndiko msafiri mmoja alikomletea habari kwamba Teobaldi amefariki na binamu yake mkubwa ameshika ufalme.

"Kulipiganwa sana?" aliuliza.

"Hapana, bibi. Hata upanga mmoja haukutoka alani."

Aliketi chini palepale, akajifunika uso. "Basi nilimnyang'anya Ottilia mwanawe bure," alisema.

Enyi wenye imani, tunatumaini kwamba Mola Mwingi wa rehema aliipokea toba ya mkunga yule, kwani aliirudia kweli mwenyewe bila kuburutwa. Lakini tunapomwombea yeye, tumkumbuke na Ottilia, aliyejaliwa mwanawe kwa mchana mmoja, ilhali miaka yote ile ilikuwa haki yake.