Paa la Bibi Luvanda

Mbeba paa haoni njia.

Mmeisikia kwenye mkutano wa kijiji, watu wakacheka, nanyi mkacheka pamoja nao. Sasa mmekuja kuuliza imetoka wapi. Mmefanya la maana, kwa sababu kicheko cha kufuata mkumbo hakimfunzi mtu. Wengi hudhani methali zote zilitungwa na wahenga, wakatuachia sisi kazi ya kuzikariri tu. Sivyo. Hii bado ni changa, na waliokuwapo siku ilipozaliwa wanatembea kwa miguu yao mpaka leo. Mwanzo wake ni huu.

Mwaka mmoja walikuja nchini vijana wa kujitolea, kwa ule mpango wa kubadilishana vijana: wetu wanakwenda kwao, wao wanakuja kwetu. Walitoka Norwei, Uganda, Malawi na Madagaska, na pamoja nao walikuwamo Watanzania wa mikoa ya mbali. Mratibu wao aliitwa Dada Yusta, mwanamke mchangamfu ambaye filimbi haikumtoka shingoni. Aliona kwamba vijana wake wanafanya kazi vizuri lakini hawajawa kitu kimoja. Wakati wa chakula kila taifa lilikuwa na kona yake. Basi akawachukua mwisho wa juma mmoja, akawapeleka kijiji cha Ikangama, huko nyanda za juu za kusini kwenye baridi, wacheze, wapike na kuvuta kamba pamoja mpaka wazoeane.

Katika kundi hilo alikuwamo Mwajabu, msichana wa Pangani, mwenye mabega mapana na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Kiingereza alikijua sawasawa, na kwa hiyo tangu siku ya kwanza alifanywa mkalimani. Wenzake walipochimba mashimo ya miche, yeye alisimama na mwenye shamba akitafsiri. Wenzake walipobeba matofali, yeye alisimama na fundi akitafsiri. Hakuna aliyemwuliza kama na yeye ana hamu ya kushika jembe.

Haukupita muda wakaanza kumtania. Mwanzilishi alikuwa Sindre, kijana wa Kinorwei, mrefu kama mkaratusi, ambaye alikamata Kiswahili upesi na alipenda kukijaribu kwa mizaha.

"Sisi tunabeba matofali," alisema, "Dada Mwajabu anabeba maneno. Pole kwa uzito, dada!"

Wenzake wakacheka. Mwajabu naye akacheka, lakini neno lile lilimwingia. Walipopanda basi kwenda Ikangama alikwisha kuapa moyoni kwamba safari hii watamwona akitoka jasho kama wao.

Jumamosi asubuhi walikuwa wamejipanga uwanjani, kamba imenyooshwa, Dada Yusta yuko tayari na filimbi yake, mara akatokea Mzee Kiswaga, balozi wa nyumba kumi. Baada ya shikamoo na marahaba akaitazama kamba, akawatazama wale vijana wenye misuli.

"Naona mna nguvu za kuchezea," alisema. "Hamna za kuazima?"

Kisha akaeleza shida yake. Palikuwa na mjane kijijini, Bibi Luvanda, ambaye jiko lake la msonge lilijengwa karibu na korongo. Mvua za mwaka uliopita zilimega ukingo, na sasa ufa ulikuwa umefika mlangoni. Ilikuwa lazima jiko lihame. Mahali papya pamekwisha kutafutwa upande wa juu, nyuma ya kihenge cha kuhifadhia mahindi, na mashimo ya nguzo yamekwisha kuchimbwa. Lililobaki ni paa. Kuezeka upya haikuwezekana, kwani moto wa kiangazi ulikuwa umeunguza nyasi zote za mlimani. Paa lile la zamani, lililoiva kwa moshi, ndilo alilokuwa nalo. Likivunjika, bibi yule angepikia mvuani msimu mzima, na mbegu zake za mahindi, ambazo huko hutundikwa juu ya moto zisiliwe na wadudu, zingeoza zote. Nao vijana wa Ikangama walikuwa wamekwenda kuchuma chai mbali, na mawingu yalikuwa yakijikusanya.

"Paa linabebwa?" akauliza Akello, msichana wa Uganda. "Zima?"

"Zima kama kofia, mjukuu wangu."

Ilikuwa kama mtu amefungua zizi. Vijana walipiga kelele, wakatimua mbio kushuka bondeni, na kamba ikabaki imelala peke yake kwenye majani.

Walipofika walikuta kuta za udongo zimebomolewa na nguzo zimelegezwa. Paa lilikuwa limesimama kwa miguu yake, kama kuku anayetamia, na nyasi za upenuni zilishuka mpaka vifuani mwa watu. Mwenye kuingia chini yake alitoweka, ukaona miguu tu.

Bibi Luvanda, mwanamke mdogo wa mwili aliyejifunga shuka la sufu, hakuwauliza majina. Aliuliza, "Nani kati yenu ana sauti?"

Vidole vyote vikamwelekea Mwajabu.

"Basi wewe ndiye mwita njia. Mwita njia hashiki nguzo. Anakaa nje, anatazama, anaita."

Mwajabu akahisi uso unamchoma. "Bibi, samahani. Mimi nina nguvu. Hata kumshinda huyu mrefu. Hiyo kazi mpe mwingine."

"Nimeuliza sauti, mwanangu. Nguvu sijauliza."

Sindre akachomoza kichwa kati ya nyasi. "Haya, Dada Mwajabu! Beba maneno, sisi tubebe nyumba!"

Vicheko vikalipuka chini ya paa. Mwajabu akarudi nyuma hatua chache, akasimama.

Mzee Kiswaga akahesabu, na kwa sauti moja wakaliinua. Nguzo zikatoka ardhini, udongo ukidondoka. Paa likapanda, likayumba, likatulia kwenye mikono na mabega yao. Bibi Luvanda alijishika mdomo. Dada Yusta alisahau kupuliza filimbi.

"Kulia!" akaita Mwajabu.

Hapo nusu ya watu wakaenda huku na nusu wakaenda kule. Paa likajikunja na kulia kwa maumivu kama kitanda kibovu.

"Kulia kwa nani, binti?" Mzee Kiswaga alipiga kelele huku akicheka. "Wamesimama duara, kila mmoja anatazama kwake! Huyu kulia kwake ni kushoto kwa mwenzake. Ita mahali! Mlimani, bondeni, kihengeni, korongoni!"

Mwajabu akavuta pumzi. "Mlimani!"

Miguu yote ikaelekea mlimani. Jamani, ilikuwa raha kutazama! Jiko zima lilikuwa linatembea kwenye majani, majivu ya miaka mingi yakidondoka, na chini yake watu wa mataifa wameanza wimbo ambao kila mmoja aliuimba kwa lugha yake. "Kihengeni kidogo! Mlimani! Haya, mlimani tena!" Mzee Kiswaga na bibi wakatangulia juu kwenye mashimo, kulipokea paa likifika. Dada Yusta akawafuata, naye akiimba.

Njia ilizunguka nyuma ya kile kihenge kikubwa cha mahindi. Hapo walio juu hawakuweza kuwaona walio chini, wala walio chini kuwaona walio juu. Ndipo sauti ya Sindre ikatoka kwenye nyasi, inahema:

"Mwajabu! Mdomo umechoka? Njoo upumzike huku, tukuonyeshe kazi!"

Wakacheka tena. Na papo hapo Akello akateleza, nguzo yake ikashuka, na upande mmoja wa paa ukainama. Mwajabu hakufikiri mara mbili. Aliinama, akapita chini ya nyasi, akaikamata ile nguzo, akaitia begani, akainua, na Akello akainuka akaishika pamoja naye.

"Mwajabu huyo!" wakapiga kelele. "Karibu nyumbani!"

Ah, ilikuwa tamu. Ndani mlikuwa na giza jepesi na harufu ya masizi, shingo zinang'aa kwa jasho, meno yako nje kwa furaha. Bega lilimuuma, na maumivu yale yalimpendeza. Sindre alikuwa mbele yake, akageuza uso mwekundu akamkonyeza. Mwajabu akaimba kwa nguvu kuliko wote. Paa likaenda mbio. Kila mmoja alidhani kuna mwingine anayejua wanakokwenda.

Halafu Mwajabu akatazama miguu yake. Alikuwa anakanyaga matuta ya viazi. Asubuhi ile njiani hapakuwa na viazi. Akapiga hatua nyingine, na ardhi ikawa laini, ikaanza kuinamia mbele, na yeye akajua ni wapi peke yake palipokuwa na ardhi ya namna ile.

Akaiachia nguzo.

"Unakwenda wapi?" Sindre akaguta. "Usituachie! Mwajabu! Umechoka mara hii?"

Alitambaa, akatokea nje. Korongo lilikuwa pale. Ukingo wa mbele wa paa ulikuwa umekwisha kulichungulia, na mabonge ya udongo yalikuwa yakiporomoka na kupotea chini.

"Simama!" akaita.

Hawakusimama. Wimbo ulikuwa umewajaa masikioni, na waliomsikia walidhani ni mzaha. Mwajabu akakimbia mpaka ukingoni kwenyewe, akasimama kati ya paa na shimo, akafungua kinywa, akaita kwa sauti ambayo wenyeji wa Ikangama wanasema iliwatoa kuku kwenye mayai:

"Mlimaniii! Wote mlimani! Mlimani!"

Wimbo ukakatika. Paa likasita. Likajikongoja, likatetemeka juu yake mpaka nyasi zikampangusa uso, kisha taratibu, kama ng'ombe mzito anayegeuka zizini, likaanza kurudi nyuma.

"Mlimani! Kihengeni! Usipunguze, Akello, kihengeni! Haya tena, mlimani!"

Hakunyamaza tena. Walizunguka kihenge, wakapanda, wakafika. Aliita nguzo moja baada ya nyingine mpaka kila moja ikapata shimo lake. Ya mwisho ilipozama, matone ya kwanza yalikuwa yanapiga nyasi, na kabla hawajamaliza kushindilia udongo mvua ikamwagika kama mtu amepindua pipa.

Wote wakajazana chini ya paa lile, jiko lisilo na kuta. Halikuvuja. Bibi Luvanda alizungusha macho toka upande hadi upande, akagusa nyasi, akarudia kuzigusa, kisha akapiga magoti akawasha moto. Mbegu zake zikatundikwa juu. Viazi vikaanza kuiva majivuni, na vijana, wameloa na kuchafuka, wakaanza kujisifu wote kwa pamoja.

"Mimi nilijua tuko korongoni," alisema Sindre. "Nilivuta sana kuelekea juu."

"Wewe?" Akello akamkodolea macho. "Wewe ndiye uliyekuwa unatupeleka huko! Mimi nilikuwa mbele."

"Ulikuwa nyuma."

"Nilikuwa mbele, bwana!"

Mwingine akaapa kwamba hawakukaribia korongo hata kidogo. Mwingine akasema kihenge kilipita mkono wa kuume, mwenzake akasema hawakupita kihenge chochote. Wakabishana mpaka Bibi Luvanda akagonga sufuria kwa mwiko.

"Mnapigia kelele moto wangu. Si kuna aliyekuwa nje? Muulizeni yeye."

Wakamgeukia Mwajabu. Akafungua kinywa, lakini sauti ilikuwa imekwisha, ikatoka pumzi tupu. Basi akachukua kijiti, akasawazisha majivu, akaanza kuchora. Hapa jiko lilipotoka. Hapa walipopanda. Hapa kihenge. Halafu akainua kijiti, akaruka nafasi, akakishusha pengine kabisa, ukingoni mwa korongo. Kutoka pale akaendeleza mstari mpaka walipokuwa wamekaa. Kwenye ukingo akatoboa tundu dogo, akamnyooshea Sindre kidole.

Sindre akainama kulitazama. "Huyu ni mimi?"

Mwajabu akaitikia kwa kichwa. Tundu lile lilikuwa ukingoni kabisa mwa korongo. Sindre akakaa chini polepole.

"Lakini mbona hapa katikati hujachora?" akauliza Akello. "Kutoka kihengeni mpaka korongoni. Hapa tulipitaje?"

Mwajabu akawatazama wote. Kisha akaligusa bega lake lililojaa masizi, akakunjua mikono mitupu. Hakujua. Alikuwa chini, pamoja nao, ana furaha.

Hakuna aliyecheka. Mvua ilikuwa inanguruma juu ya nyasi. Bibi Luvanda akatoa kiazi cha kwanza majivuni, akakipuliza, akampa Mwajabu.

"Basi ndivyo ilivyo, wanangu," alisema. "Mbeba paa haoni njia. Awe na nguvu, awe na macho mazuri, akishaingia chini, haoni."

Sindre alilirudia neno lile kimoyomoyo, kisha kwa sauti, asikosee. Jumatatu walipotawanyika kila mmoja aliondoka nalo. Akello alikwenda nalo Uganda, na wa Ikangama wakabaki nalo, likatembea mpaka likatufikia sisi.

Kwa hiyo mkilisikia msidhani wabebaji wanatukanwa. Bila wao jiko lingeachwa lilikokuwa, liporomoke korongoni. Wala aliye nje hasifiwi kwa kukaa. Neno lenyewe linamhusu yule aliyepewa kutazama, akaona haya kusimama mikono mitupu mbele ya wenzake wanaotoka jasho, akainamisha kichwa ili naye aonekane anabeba. Siku hiyo wenzake watamshangilia sana, na hakuna hata mmoja atakayejua kwamba wote wamekuwa vipofu. Mbeba paa haoni njia.