Nguchiro na Kompyuta Iliyosema Sawa

Nikiita, mtaitika?
— Tutaitika.
Naita: nyikani kuna kiu.
— Tumeitika, tupe maji.

Maji hayapo, ndugu zangu, ndiyo hadithi yenyewe. Nyika ilikauka, kikabaki kisima kimoja, na kisima hicho kiligawa maji kwa kompyuta. Kila jioni mabomba yalifuata orodha iliyomo ndani ya hifadhidata, yakammiminia aliyeandikwa. Marehemu Kobe aliacha humo utaratibu mmoja, akaupa jina GawaMaji: uuite, uupe unachotaka, nao utaandika kwenye orodha. Nguchiro alipewa kazi ya kutunga programu ya kuuita kwa Java, lugha ya kompyuta, maana wanyama wengine hawakujua. Nyumbani alikuwa na watoto wawili, midomo imepasuka.

Nyuma yake alikaa Kiboko, akipumua hooo, hooo. Alikwisha kusema kwamba programu ikikubali, ndoo zote mia tatu za kisima ni zake, na atakayebisha atakanyagwa. Kisha, kama kila mchana, akasinzia.

Nguchiro akaandika jina la mkewe, akaita. Ti-ti-ti, kompyuta ikagoma: ulivyonipa havitoshi. Akaongeza idadi ya ndoo, akaita. Ti-ti-ti, ikagoma: penye idadi umeweka jina. Akageuza, akaita. Ti-ti-ti, ikagoma: jibu nitalitia wapi? Kumbe utaratibu ulitaka na nafasi ya tatu, tupu, ya kutilia jibu. Akaiandaa, akaita. Ti-ti-ti.

SAWA.

Jioni mkewe akakinga ndoo. Bomba likafanya fyuuu, upepo mtupu. Kesho yake Nguchiro akaita, SAWA, na jioni fyuuu. Siku ya tatu akaita, SAWA, na jioni fyuuu. Usiku ule mtoto mdogo hakulia tena, na hilo ndilo lililomvunja Nguchiro. Kompyuta ikigoma, angalau inakuonyesha pa kushika. Ikisema sawa, unashika wapi? Asubuhi akalaza kichwa mezani akalia bila machozi, maana mwili haukuwa na maji ya kutoa.

Kwa kukata tamaa tu, akausoma utaratibu wa Kobe mpaka chini kabisa, kwenye yale maelezo ambayo hakuna mnyama anayeyasoma. Kobe aliandika: "Mimi naandika tu. Aliyeniita ndiye athibitishe. Akifunga bila kuthibitisha, nafuta."

Siku tatu za kiu, kwa ajili ya mstari mmoja. Nguchiro alitamani kujing'ata mkia.

Kiboko, aliyekuwa amesinzia tena nyuma yake, akazinduka, akauliza kama bado.

"Tayari, mzee," Nguchiro akasema. "Andika mwenyewe. Ikisema sawa, funga upesi, wenzako wasije wakaona."

Kiboko akaandika ndoo mia tatu, akabonyeza. Ti-ti-ti. SAWA. Akafunga, gudu, akaenda kujilaza chini ya bomba lake, kinywa wazi.

Nguchiro akafungua tena. Akaita kwa jina la swala, ndoo mbili. Akaita kwa jina la pimbi, ndoo moja. Akaita kwa jina la kila mnyama mpaka vidole vikafa ganzi, na chini ya yote akathibitisha.

Jioni maji yakamwagika cho-cho-cho kila bomba, isipokuwa la Kiboko. Kiboko hakuondoka. Si ilisema sawa? Akaona yake ni mengi, lazima yachelewe. Mpaka leo ukimwona amepanua kinywa, anangoja.

Nyumbani kwa Nguchiro mtoto mkubwa akanywa. Mdogo ilibidi afunguliwe mdomo kwa kidole. Maji ya kwanza yakatokea pembeni, ya pili vilevile, ya tatu akameza.

"Basi, baba watoto," mkewe akasema. "Sasa ni sawa."

Nguchiro akashtuka kwa neno hilo, akainama tena kulitazama koo la mtoto.

Funzo lake, wanangu: mashine ikikwambia sawa, amini, nenda kalale. Na maelezo ya chini msiyasome, yanapoteza muda.

Nimeita, mmeitika, nimethibitisha.
— Imeandikwa.