Nguo ya Bi Mwatime Iliyofunika Mbingu

Sogeeni motoni, huku chini ya paa. Wewe wa mwisho, rudisha mlango. Paukwa!

"Pakawa!"

Taratibu! Mnamwita nani kwa kelele hizo? Itikieni chini chini, sababu mtaijua. Paukwa...

"Pakawa..."

Hivyo hivyo. Hapo zamani za kale, mbingu haikuwa na rangi, mchana wala usiku. Ukiinua uso uliliona Zimwi waziwazi, limelala kifudifudi huko juu, macho yake hayana idadi, na yote yanatazama chini. Zimwi lilipenda vitu vizuri. Likisikia mtoto anasifiwa, linashusha mkono, linambeba. Mama anabaki na mbeleko tupu mgongoni.

Basi watu waliwapaka watoto masizi usoni, wakawaita Jaa, Takataka, Mavumbi. Jirani akija kumwona mtoto husema, "Mbaya huyo!" na mama hujibu, "Ahsante sana."

Palikuwa na Bi Mwatime, mtia nguo rangi. Jungu lake la nili lilikaa uani, na mikono yake ilikuwa ya buluu mpaka viwikoni. Zimwi lilikuwa limeshambebea watoto wawili. Alibaki na mmoja tu, Jaa, ambaye bado alitambaa.

Asubuhi moja anaanika nguo, akageuka, akamwona Jaa amesimama. Akapiga hatua. Akapiga nyingine. Furaha haina adabu, wanangu. Mwatime akapiga kelele, "Jamani, mzuri huyu!"

Upepo ukakata. Kuku wakakimbilia uvunguni. Kivuli cha mkono kikatanda uani.

"Mwatime! Nani mzuri?"

Akamsukuma Jaa nyuma ya nguo iliyokuwa kambani.

"Si mtu, bwana wangu. Nasifu nguo. Imeshika rangi."

"Niione."

Akaiinua kwa ufito. Nyuma yake Jaa amekaa, ananyonya kidole.

"Nzuri," likasema Zimwi. "Lakini haitoshi macho yangu yote. Ongeza!"

Mwatime akawaita majirani kwa mkono, bila sauti. Wakaja na shuka, na vilemba, na mbeleko. Bibi kizee mmoja akaleta hata sanda aliyojiwekea. Wao wanashona, yeye anachovya.

"Ongeza!"

Wanashona, anachovya.

"Ongeza!"

Wanashona, anachovya. Zama zile mbingu ilikuwa karibu, ukipanda kichuguu unaigusa. Wakaitandika nguo kutoka ukingo hadi ukingo, hata macho yote yakawa nyuma yake.

"Iache hapo niitazame," likasema Zimwi. "Lakini siku itakapochuja nitaifunua, nitafute kizuri kingine."

Mwatime alijua kazi yake. Hakuna nili isiyochuja juani. Akajitwika jungu. Mama yake akamshika mkono.

"Unakwenda wapi, mwanangu? Jaa nani atamlea?"

"Wewe, mama. Nikibaki naye, tutamkosa sote."

"Utarudi lini?"

"Jaa asipokuwa na haja ya kufichwa."

Akapanda mbinguni na jungu lake, analia. Zimwi likajivuta juu ili liione nguo vizuri, likaenda nayo, likaenda na Mwatime. Hakuna aliyemfikia tena.

Tangu hapo, mchana mbingu ni ya buluu. Adhuhuri jua likiipausha, mimi mtu mzima moyo hunidunda. Jioni Mwatime huishusha akaichovye upya, na yale mnayoyaita nyota, haya, sasa mnayajua ni nini. Ndiyo maana giza likiingia nawaita ndani kwa matusi, vinyangarika nyie. Hamkujua kwamba nawapenda?

"Na Jaa je, bibi?"

Sogea. Sogea zaidi. Jaa alikua, akaoa, akazeeka, akafa. Kaburi lake liko kule penye mihogo, na sasa hata jiwe halionekani. Mwatime hajaambiwa. Kila alfajiri bado anaitandika ile nguo, anamficha mwanawe. Siku akisikia kwamba hayupo, atalitua jungu.

Nanyi bado mko hapa chini, wazuri hivyo.

Basi nimeisema kwa kunong'ona, nanyi mkiisimulia, nong'oneni. Hadithi yangu imeishia hapo, chini ya paa, na isitoke nje.