Mgeni wa Kidawa Hataki Hodi

Atakayesema nadanganya asimame sasa hivi, nimkalishe! Hakuna? Haya.

Kisima cha kijiji kilikauka. Zimwi la kisimani likampa Kidawa nyoka mweupe ndani ya chungu. "Akipata usingizi kwako kabla ya siku tatu kwisha, maji yatarudi. Akitoroka, hameni."

Kidawa akamtandikia majani makavu. Lakini mgeni kafika, nani asiende kumsalimu? Siku ya kwanza jirani akaja: "Hodi! Mgeni hajambo?" Akafunua chungu. Nyoka akazunguka, akazunguka, asilale. Siku ya pili: "Hodi! Mgeni kaamkaje?" Kifuniko juu! Nyoka akatoa kichwa, macho mlangoni. Kidawa akakirudisha kifuniko mbio.

Siku ya tatu: "Hodi!"

Kidawa akauegemea mlango kwa mgongo. "Hodi mwenyewe! Rudi kwenu, mgeni kachoshwa na salamu zako!"

Jirani akasonya, akaenda zake. Kukawa kimya. Nyoka akajikunja, akalala fofofo, na kisima kikabubujika.

Mnanitazama nini? Haya, kuna nililoficha: jirani huyo ni mimi. Hadi leo nachota maji pale kimyakimya. Kidawa kanikataza hata kukohoa.